Chura wa Kihansi: Safari ya miaka 10 Marekani na somo la sayansi ya mataifa

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI mwaka 2010, wasafiri 100 wasio wa kawaida waliwasili Dar es Salaam kwa ndege wakitokea Marekani. Hawakuwa na pasi za kusafiria wala mizigo, na wote kwa pamoja wangeweza kuenea ndani ya ndoo moja ndogo. Walikuwa vyura.

Wazee wao walichukuliwa kutoka korongo la Mto Kihansi, kusini mwa Milima ya Udzungwa, mwishoni mwa mwaka 2000 na kupelekwa New York. Katika miaka hiyo 10 mengi yalitokea. Korongo walikotoka lilibaki bila chura hata mmoja wa aina hiyo aliyeweza kuonekana, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) likatangaza mwaka 2009 kuwa chura wa Kihansi ametoweka katika mazingira yake ya asili. Waliobaki duniani walikuwa wakiishi ndani ya masanduku ya vioo katika bustani za wanyama za Marekani, wakinyunyiziwa maji kwa mashine.

Kisa cha chura huyu kimesimuliwa mara nyingi nchini, na mara nyingi kama kichekesho: Serikali na wafadhili wanahangaika na vyura ilhali wananchi wanataka umeme na maji. Lakini kwa yeyote anayetaka kuelewa maneno mazito yanayotumika katika mikutano ya kimataifa, kama vile ushirikiano wa kisayansi na upashanaji wa teknolojia kwa ajili ya kuhifadhi bioanuwai, hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko huu. Unaonyesha ushirikiano huo unavyoweza kufanya kazi, na pia mahali unapokwama.

Chura mwenyewe ni mdogo mno. Jike hafikii sentimita tatu kwa urefu na dume hafikii hata sentimita mbili. Rangi yake ni ya dhahabu iliyopauka. Tofauti na vyura tuliowazoea madimbwini, hatagi mayai yanayogeuka viluwiluwi; jike huzaa watoto waliokamilika, kila mmoja akiwa na ukubwa wa kama milimita tano, hivyo akikaa juu ya ncha ya kidole anaweza asionekane kwa mtu mwenye macho mabovu.

Makazi yake yalikuwa ya ajabu zaidi. Mto Kihansi unaposhuka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Kilombero, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, huporomoka mamia ya mita katika korongo jembamba. Maji yakipiga miamba hutoa manyunyu yanayolowanisha kingo za korongo usiku na mchana, mwaka mzima. Ni katika vipande vichache vya majani vilivyolowa manyunyu hayo, ambavyo jumla yake ni kama hekta mbili tu, ndipo chura huyu alipoishi. Hajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani. Hekta mbili ni kama viwanja vitatu vya mpira wa miguu.

Aligunduliwa mwaka 1996 katika uchunguzi ulioongozwa na Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maelezo rasmi ya kisayansi yaliyompa jina la Nectophrynoides asperginis yalichapishwa mwaka 1999 na Howell pamoja na wenzake John Poynton, Barry Clarke na Jon Lovett. Tayari kichwa cha andiko hilo kilimtaja kuwa ni kiumbe aliye hatarini kabisa kutoweka.

Hatari yenyewe ilikuwa inajengwa palepale. Wakati chura anagunduliwa, kazi za mradi wa umeme wa Kihansi zilikuwa zimekwisha kuanza kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, wakiwamo Norway, Sweden na Ujerumani. Mradi huo ulitegemea mteremko ule ule uliozalisha manyunyu. Maji yalizuiwa juu kwa bwawa dogo, yakaingizwa katika mahandaki ndani ya mlima na kushushwa hadi kwenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja. Uzalishaji ulipoanza, kati ya mwaka 1999 na 2000, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yalihama. Manyunyu yakakatika.

Tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa kabla ya ujenzi haikuwa imewaona vyura. Wapo wanaolitaja jambo hilo kama uzembe. Mwandishi anadhani ni haki kukumbuka kuwa korongo lile lilikuwa halifikiki kwa urahisi, na kwamba asingekuwapo mradi huenda hata leo tusingejua kuwa kuna chura wa aina hiyo. Hata hivyo, tathmini isiyofika mahali maji yanapochukuliwa haiwezi kuitwa tathmini kamili, na wafadhili waliokuwa na fedha za kutoboa mlima hawakukosa fedha za kutengeneza njia ya kushukia korongoni.

Msomaji anayekumbuka miaka ya tisini mijini hahitaji kuelezwa kwa nini mradi ulikuwa na haraka. Mgao wa umeme ulikuwa jambo la kawaida, na megawati 180 za Kihansi zilikuja kuwa karibu theluthi moja ya uwezo wote wa nchi wa kuzalisha umeme kwa maji katika miaka iliyofuata. Kuzima mitambo ili maji yarudi korongoni lilikuwa jambo ambalo hakuna kiongozi angelikubali.

Badala yake yalifanyika mambo mawili, na yote mawili yalihitaji utaalamu wa kutoka nje.

La kwanza lilikuwa kutengeneza manyunyu ya bandia. Kati ya mwaka 2000 na 2001 yalitandazwa mabomba yanayochota maji sehemu ya juu ya mto, yakayachuja na kuyashusha kwa nguvu ya mteremko wenyewe hadi kwenye vinyunyizio vilivyofungwa katika vipande vitatu vya makazi ya vyura. Aidha, kiasi kidogo cha maji, kati ya mita za ujazo 1.5 na mbili kwa sekunde, kilitakiwa kuachwa kipite korongoni siku zote. Mwaka 2001 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola za Marekani milioni 6.3 kwa ajili ya mradi maalumu wa usimamizi wa mazingira ya Kihansi, ukisimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

La pili lilikuwa bima. Kwa makubaliano kati ya Serikali ya Tanzania na shirika la Wildlife Conservation Society la Marekani, ambalo ndilo linaloendesha bustani ya wanyama ya Bronx Zoo mjini New York, vyura 499 walikamatwa mwezi Novemba na Desemba 2000 na kusafirishwa. Walipofika waligawanywa katika bustani kadhaa, ikiwamo Toledo Zoo ya jimbo la Ohio, ili ajali moja isiwamalize wote.

Hapo ndipo sehemu yenye mafunzo mengi zaidi inapoanza, kwani wataalamu wa Marekani, pamoja na fedha na maabara zao, hawakujua namna ya kumtunza chura huyu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua. Alikuwa ametambuliwa na sayansi kwa miaka minne tu, na elimu yote kuhusu maisha yake ilikuwa imo korongoni.

Vyura walianza kufa. Walikutwa na minyoo ya mapafu na magonjwa mengine, na lishe yao haikuwa sawa. Ilibainika pia kuwa taa za kawaida hazikuwatosha, kwa sababu walihitaji mwanga wenye miale ya urujuanimno ili miili yao iweze kutengeneza vitamini na kujenga mifupa. Bustani moja baada ya nyingine ilibaki bila chura. Kufikia Desemba 2004 walikuwa wamesalia chini ya 70 kati ya wote waliokuwa wamefungiwa.

Kilichowaokoa hakikuwa mtambo mmoja wa ajabu. Kilikuwa ni mlolongo wa mambo madogo yaliyojaribiwa, yakaandikwa na kupelekwa kutoka bustani moja hadi nyingine: maji yaliyochujwa hadi kubaki karibu bila chumvi yoyote, mashine za kunyunyiza zinazojiwasha zenyewe kwa saa maalumu, balbu za aina fulani zikiwekwa kwa umbali fulani, na wadudu wadogo mno waliozalishwa humo humo ndani. Chura anayezaliwa akiwa na milimita tano hawezi kumeza nzi wa kawaida. Ilibidi wafuge chakula cha chura kwa uangalifu ule ule waliomfuga chura mwenyewe.

Kufikia Novemba 2005 idadi yao ilikuwa imepanda hadi kama 300, na miaka iliyofuata wakafikia maelfu, wengi wao wakiwa Toledo. Februari 2010 Bronx Zoo iliwaweka hadharani watazamwe na wageni. Mkazi wa New York aliweza kumwona chura wa Kihansi kwa kulipa kiingilio, wakati ambapo mkazi wa Mlimba asingeweza kumwona hata angeshinda korongoni mwezi mzima.

Kwa nini hakuwapo tena korongoni? Mabomba ya manyunyu yalikuwa yamefanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Hesabu iliyofanywa Juni 2003 ilikadiria kuwapo kwa vyura wapatao 21,000. Miezi michache baadaye walianza kuporomoka kwa kasi, na Januari 2004 wachunguzi waliwaona watatu tu. Zilisikika pia sauti za madume wawili. Baada ya hapo, kimya.

Katika kipindi hicho cha mwaka 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda ili kusafisha tope, na kulikuwa na hofu kuwa maji hayo yalibeba dawa za kuulia wadudu kutoka mashambani. Lakini vyura waliokufa walikutwa na kitu kingine: kuvu wa ngozi anayeitwa kitridi. Chura hunywa maji na kuvuta sehemu ya hewa kwa kupitia ngozi, na kuvu huyu anapoishambulia ngozi huvuruga chumvi za mwili hadi moyo ukasimama. Uchunguzi wa baadaye wa vielelezo vilivyohifadhiwa umeelekeza lawama kubwa kwa ugonjwa huo. Si Kihansi peke yake. Utafiti wa wanasayansi wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza kuwa kuvu wa jamii hiyo wamechangia kupungua kwa aina zisizopungua 500 za vyura na jamaa zao duniani, na aina 90 kati ya hizo zinadhaniwa kutoweka kabisa.

Njia ambayo kuvu alifika nayo korongoni haijathibitishwa, lakini tope kwenye kiatu linatosha. Jambo hilo linapaswa kuwakosesha usingizi wote wanaoshughulika na uhifadhi, kwa kuwa korongo lililokuwa halifikiki lilikuwa limekuwa njia ya watafiti, mafundi na wageni wa mataifa mbalimbali. Leo anayeingia kwenye makazi hayo hutakiwa kwanza kusafisha viatu kwa dawa.

Ni wakati wa kuutazama mkataba unaohusika. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai ulifunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 na kuanza kutumika Desemba 29, 1993. Tanzania iliuridhia mwaka 1996, mwaka ule ule chura alipogunduliwa. Kifungu cha 9 kinasema uhifadhi wa viumbe nje ya makazi yao ufanyike, ikiwezekana, katika nchi wanakotoka. Cha 16 kinazitaka nchi wanachama zirahisishe upatikanaji wa teknolojia kwa nchi zinazoendelea, kwa masharti ya haki. Cha 18 kinazungumzia ushirikiano wa kiufundi na kisayansi, pamoja na mafunzo ya wataalamu na kubadilishana kwao.

Kwa maneno mengine, kumpa Mtanzania ujuzi wa kumtunza chura wa Tanzania si hisani. Ni wajibu uliotiwa saini.

Ajabu ni kwamba Marekani, iliyomhifadhi chura huyu kwa miaka yote hiyo, si mwanachama wa mkataba huo. Iliutia saini mwaka 1993 lakini Baraza lake la Seneti halijauridhia mpaka leo. Hivyo kilichowarudisha vyura nyumbani hakikuwa nguvu ya mkataba, bali makubaliano ya moja kwa moja kati ya Serikali, bustani hizo mbili na Benki ya Dunia, pamoja na uaminifu wa watu waliohusika. Mambo yalikwenda vema, lakini kiumbe mwingine anaweza asipate bahati kama hiyo. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa Oktoba 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, iliongeza masharti kuhusu ruhusa na mgawanyo wa manufaa yatokanayo na rasilimali za vinasaba. Nayo Marekani hainayo.

Kabla ya vyura 100 kupanda ndege, ilibidi kwanza ujuzi utangulie. Watanzania walikwenda Bronx na Toledo kujifunza kazi ya kila siku ya kuwalisha, kuwapima na kusafisha masanduku. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijengwa kituo maalumu chenye vichujio vya maji, mashine za kunyunyiza, taa za miale inayotakiwa na vyumba vya kuzalishia wadudu. Joto la Dar es Salaam halimfai chura aliyezoea ubaridi wa maporomoko, hivyo ni lazima viyoyozi vifanye kazi muda wote, na umeme ukikatika jenereta iwake. Kituo kingine kipo Kihansi kwenyewe.

Msomaji hatakosa kuona kinyume kilichopo hapo. Chura aliyenyang'anywa manyunyu ili umeme upatikane, sasa anaishi kwa umeme huo huo.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya kupewa kifaa na kupewa teknolojia. Balbu inayotoa miale sahihi haiuzwi Kariakoo. Ikipoteza nguvu, jicho la mtu halitambui, kwani itaendelea kuwaka kama kawaida huku vyura wakidhoofika kidogo kidogo. Anayehitajika ni mtu anayejua kuipima, mwenye kipimo, na mwenye fungu la kununua nyingine kabla ya mambo kuharibika. Vitu hivyo vitatu haviji ndani ya sanduku moja na mashine, na mradi wa mfadhili unapofika mwisho, cha kwanza kukosekana huwa ni lile fungu.

Mwaka 2012 hatua iliyosubiriwa ilifika. Wataalamu walikuwa wamewajaribu kwanza vyura kwa kuwaweka pamoja na udongo na mimea kutoka korongoni, ili kuona kama kuvu angewashambulia. Kundi la majaribio la vyura 48 lilirudishwa, na baadaye mwaka huo wengine kama 2,000 wakapelekwa. Wildlife Conservation Society ilieleza kuwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa chura wa aina iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake. Mizigo mingine kutoka Marekani ilifuata, na maelfu zaidi wakaachiwa katika miaka iliyokuja.

Matokeo hayajawa ya kushangilia. Baadhi ya vyura walionekana wakiwa hai, na dalili za kuzaliana zilipatikana, lakini idadi inayoweza kujiendesha yenyewe bila kuongezewa haijapatikana. IUCN bado inamweka katika kundi la waliotoweka porini. Kuvu hajaondoka. Makazi yenyewe yalibadilika tangu manyunyu ya asili yalipokatika. Mimea mingine iliingia na mingine ikapungua, na vinyunyizio, hata vikifanya kazi bila kuziba, haviwezi kuiga yote yaliyokuwa yakifanywa na mto mzima ukianguka.

Gharama nazo zinaulizwa, na ni swali halali. Mamilioni ya dola kwa ajili ya chura asiyezidi uzito wa sarafu? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba huenda siku moja atatoa dawa. Mwandishi haoni haja ya kuahidi dawa ambayo hakuna aliyeiona. Jambo la kweli ni jepesi zaidi: fedha nyingi zilitumika kwa sababu uchunguzi haukufanywa kwa wakati wake. Kama makazi yale yangejulikana kabla ya mahandaki kutobolewa, kiasi cha maji ya kuacha kingepangwa kwenye michoro. Nchi hii imeendelea kujenga mabwawa, likiwamo la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Swali la nani amechunguza nini, na lini, halijapitwa na wakati.

Korongo la Kihansi halikuwa na chura peke yake. Humo ulipatikana pia mti wa kahawa mwitu usiojulikana kwingineko, uliopewa jina la Coffea kihansiensis. Milima ya Udzungwa yote, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki linaloanzia Taita nchini Kenya, inaendelea kutoa viumbe wapya. Huko ushirikiano umechukua sura nyingine, yenye gharama ndogo. Mwaka 2006 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa na jumba la makumbusho la sayansi la mjini Trento, Italia, walianzisha kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia huko Mang'ula. Kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita zimekuwa zikitegwa msituni tangu mwaka 2009 kwa utaratibu ule ule unaotumika katika misitu ya mabara mengine, na hivyo takwimu zake zinalinganishika. Kamera za aina hiyo ndizo zilizonasa mwaka 2005 picha za sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama ambaye sayansi haikuwa ikimfahamu hadi alipotangazwa rasmi mwaka 2008.

Na kuna elimu ambayo ni yetu lakini imekaa kwa wengine. Vyura wanaozaa watoto walichukuliwa kutoka milima hii wakati wa utawala wa Wajerumani, na mwanasayansi Gustav Tornier aliandika habari zao mwaka 1905. Vielelezo hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2025 timu ya watafiti wa nchi mbalimbali ilifanikiwa kusoma vinasaba vya vielelezo vya zamani hizo, ikavilinganisha na vya vyura wa sasa, na kutangaza aina tatu mpya kutoka Tanzania. Chura aliyekaa ndani ya chupa huko Ulaya tangu enzi za babu zetu ndiye aliyesaidia kuwataja walio hai msituni.

Nakala za takwimu za namna hiyo sasa zinaweza kusomwa na yeyote mwenye intaneti kupitia mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai, GBIF, ambao Tanzania inashiriki kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mashine za kusoma vinasaba, hata hivyo, bado nyingi ziko kule kule zilikokwenda chupa.

Huko Kihansi, maji yanaendelea kugawanywa: sehemu kubwa inashuka mahandakini kwenda kwenye mitambo, kidogo kinaachwa kipite juu ya miamba, na kidogo zaidi kinapita katika mabomba kwenda kwenye vinyunyizio, ambavyo lazima vikaguliwe visizibe. Katika masanduku ya vioo mjini Dar es Salaam, na ng'ambo huko Bronx na Toledo, wahudumu wanaendelea kuwahesabu wanaozaliwa.